Hutuzwa au Hutunzwa? Kanda za Jazz na Mafundi Mitambo Wake

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Wapo wasemao hutunzwa, na ubishi juu ya herufi hiyo moja umedumu barazani miaka mingi pasi na kupata hakimu. Wenye kushika hutuzwa hutaja tuzo, ambayo ni haki ya kila mwenye kushinda. Wenye kushika hutunzwa nao hawakukosa hoja, kwani katika taarabu na dansi kumtunza mwimbaji ni kumwendea alipo, noti mkononi, na kumbandika pajini mbele ya hadhara. Lakini kutunza kuna maana nyingine, nayo ni kuhifadhi kitu kisiharibike. Wachezaji wa bendi za Jazz za Tanzania walituzwa sana ukumbini. Iwapo walitunzwa ni suala jingine, na jibu lake limo mikononi mwa watu ambao majina yao ni nadra kutajwa, yaani mafundi mitambo walionasa sauti zao na wale wanaozisafisha leo.

Suala hilo huonekana wazi zaidi mtu akiliangalia kutoka mbali na ukumbi. Murangi iko Musoma Vijijini, mkoani Mara, katika nchi ya Wajita, kando ya Ziwa Viktoria. Ni mahali pa uvuvi na kilimo, ambapo usiku wa giza mataa ya wavuvi wa dagaa hutanda majini kama mji wa pili. Katika miaka ya 1960 na 1970, mkazi wa pwani hiyo ya ziwa aliyependa dansi hakuwa na ukumbi wa DDC wala Magomeni wa kuendea. Bendi ya karibu ilikuwa mjini Musoma, na nyingine zote zilimfikia kwa redio ya betri au kwa santuri iliyovuka mpaka kutoka Kenya. Kwake yeye, Mbaraka Mwinshehe na Salum Abdallah hawakuwa na sura. Walikuwa sauti tupu, na sauti hiyo ilimjia vile ilivyopimwa na mkono wa fundi. Fundi alipokiweka kipaza sauti karibu mno na ngoma, mkazi wa Murangi hakuyasikia maneno. Fundi alipokiweka mahali pake, shairi lilifika zima.

Msomaji aliyezoea kusikia neno jazi na kuwaza Marekani, Louis Armstrong na Duke Ellington, hana budi kujua kwamba neno hilo lilipofika Tanganyika lilibadili maskani. Liliwekwa mwishoni mwa jina la bendi ya dansi kuonyesha kuwa ni bendi ya kisasa, yenye magitaa na, penye uwezo, saksofoni na tarumbeta. Muziki wenyewe ulikuwa na asili ya Kuba zaidi kuliko New Orleans, kwani tangu miaka ya 1930 santuri za mfululizo wa GV, zenye nyimbo za Kuba, zilienea katika miji ya Afrika, na vijana wakazisikiliza hadi wakazihifadhi. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932 na Morogoro Jazz mwaka 1944. Iddi Nhende wa Nzega aliunda Western Jazz jijini Dar es Salaam mwaka 1959, akaiita kwa jina la Jimbo la Magharibi alikotoka. NUTA Jazz ilifuata mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi.

Kila bendi ilijitambulisha kwa mtindo wake. Western Jazz walikuwa wana Saboso, Tabora Jazz wana Segere Matata, Atomic ya Tanga wana Kiweke, na Morogoro Jazz walipita katika mitindo kadhaa, ukiwamo Likembe na Masika. Mara Jazz ya Musoma walikuwa wana Sensera. Mtindo kwa bendi ulikuwa na kazi inayokaribia ile ya bahari kwa mshairi, kwani ulimwezesha msikilizaji kuitambua bendi kabla ya mwimbaji kufungua kinywa. Katika Mara, ambako Wajita, Wakurya, Wazanaki, Waikizu na Wajaluo wanaishi kwa kupakana, na ambako litungu la Wakurya na nyatiti la Wajaluo vilikuwa vimekwisha kuyazoesha masikio mlio wa nyuzi, gitaa halikuingia kama mgeni asiye na jamaa.

Muziki huu haukupokewa na wote kwa furaha. Tarehe 10 Desemba 1962, siku Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huu huu wa Mara, alilihutubia Bunge na kusikitika kwamba vijana waliosoma walizijua rumba na chachacha kuliko ngoma za wazee wao. Akaunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Ukweli ni kwamba bendi zile zilizoshukiwa ugeni ndizo zilizokuja kuwa miongoni mwa wasafiri wakubwa wa lugha ya Kiswahili. Ziliimba kwa Kiswahili mbele ya wasikilizaji ambao nyumbani walisema Kijita, Kinyamwezi au Kiluguru, na ziliimba kwa mizani na vina vilivyoazimwa waziwazi kutoka kwa malenga wa mwambao. Kwa hiyo historia ya kanda za Jazz ni sehemu ya historia ya ushairi wa Kiswahili, na ndiyo sababu mpenzi wa mashairi wa visiwani anapaswa kuijali, hata kama hajawahi kufika ng'ambo ya Morogoro.

Watu wa mwambao wanaijua vyema kazi ya mtu wa kati baina ya mtunzi na vizazi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hakuacha diwani. Mashairi yake yalibaki vifuani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya na kuyaandika mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya W. E. Taylor, na ni kwa mkusanyo huo William Hichens alipoweza kuyachapisha mwaka 1940. Huko Lamu, Muhammad bin Abubakar Kijumwa alinakili tenzi kwa hati iliyosifika, na miswada ya mkono wake imo leo katika maktaba za Ulaya. Wataalamu wanajua pia kwamba mnakili si bomba ambalo maji hupita tu. Huchagua herufi, husahihisha anapodhani pana kosa, na mara nyingine huharibu kwa nia njema. Fundi mitambo alifanya kazi hiyo hiyo kwa sauti. Tofauti ni kwamba Kijumwa aliweka jina lake mwishoni mwa hati, naye fundi mitambo aghalabu hakuweka.

Sauti za Afrika Mashariki zilinaswa kwa njia tatu. Njia ya kwanza ilikuwa ya kampuni za santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV, kwa kuwa hapakuwa na mtambo karibu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kazi hiyo ilihamia Nairobi na Mombasa. Hapo ndipo anapoonekana Fundi Konde, mwana wa pwani ya Kilifi, ambaye wengi humkumbuka kwa gitaa na utunzi wake, lakini ambaye pia alikuwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo wa Kenya kufanya kazi ya kurekodi sauti. Alijua pande zote mbili za kioo cha studio, upande wa mwenye kuimba na upande wa mwenye kupima.

Njia ya pili ilikuwa ya msafiri. Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika ya Kusini, alizunguka na gari la mitambo katika nchi nyingi za bara hili, akafika Tanganyika mwaka 1950. Alipenda kukishika kipaza sauti kwa mkono wake mwenyewe, akikisogeza kwa mwimbaji mstari ulipohitaji kusikika na kukirudisha kwa ala ubeti ulipokwisha. Mkono huo ulikuwa ndio upimaji wake, na kilichopimwa namna hiyo hakiwezi kupimwa tena. Nyingi ya kazi zake zilikuwa ngoma za asili, lakini alirekodi pia bendi za dansi. Miaka mingi baadaye Michael Baird wa kampuni ya SWP, Uholanzi, alizichukua rekodi hizo kutoka katika maktaba aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, akazisafisha na kuzitoa kwa mfululizo. Diski mojawapo ni ya bendi za dansi za zama za ukoloni za miaka ya 1950 na 1952.

Njia ya tatu ndiyo iliyoihusu Murangi zaidi, nayo ni redio ya taifa. Matangazo yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 1951 yalikua, na mwaka 1965 shirika lililoyaendesha likawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD kwa ufupi. Nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, wala haikuwa na studio nyingi. Bendi iliyotaka kusikika ilikwenda RTD, na ya mikoani ilisafiri au kusubiri mafundi. Ndani ya chumba cha kurekodi, bendi nzima ilipiga kwa pamoja, waimbaji, magitaa, ngoma na matarumbeta, mbele ya vipaza sauti vichache. Hakukuwa na utaratibu wa kurekodi gitaa leo na sauti kesho. Mpiga besi akikosea katika dakika ya nne, wote walirudi mwanzo. Kwa hiyo uwiano wa sauti ulipatikana kabla ya wimbo kuanza, kwa kumsogeza mtu hatua moja nyuma, kumgeuza mpiga tarumbeta aelekee pembeni, au kumwomba mpiga tumba apunguze mkono. Wapenzi wa dansi hulitaja jina la James Mhilu miongoni mwa mafundi wa RTD, na anayezisikiliza kanda za miaka ya 1970 na 1980 kwa makini atatambua kwamba uwazi wake wa sauti haukuja kwa bahati.

Utaratibu huo ulikuwa na uchungu wake. Wanamuziki walipata ujira wa kurekodi, kisha wimbo ukawa wa redio, ukapigwa asubuhi na jioni mwaka baada ya mwaka bila ya kumrudishia mtunzi chochote. Aliyetaka santuri alilazimika kutazama Nairobi, ambako viwanda vilikuwapo. Mbaraka Mwinshehe alifanya hivyo, na nyingi ya kazi zake zilizoenea zilitoka huko. Kwa bendi ya Musoma njia ya Nairobi ilikuwa fupi kuliko ya Dar es Salaam, kwani ilipita Tarime na Sirari, ikavuka mpaka. Santuri za Mara Jazz zilitolewa Kenya, na kwa njia hiyo bendi ya ziwani ilipata wasikilizaji pande zote mbili. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mwaka 1977 mpaka ukafungwa, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Miaka hiyo sita iliikata njia ya santuri, na kanda za RTD zikabaki takriban ndiyo kumbukumbu pekee ya kile kilichopigwa. Mbaraka mwenyewe alifariki Januari 1979 kufuatia ajali ya gari huko Mombasa, mpaka ukiwa bado umefungwa.

Tofauti baina ya santuri na kanda ya redio si ya chombo tu, maana iligusa umbo la wimbo. Wimbo wa dansi wa Tanzania huwa na sehemu mbili. Ya kwanza huenda taratibu, na humo ndimo mna kisa, nasaha au malalamiko, ubeti kwa ubeti. Ya pili ni chemko, ambapo mwendo huongezeka, maneno hupungua na magitaa huchukua usukani. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ilibeba kiasi cha dakika tatu kila upande, kwa hiyo wimbo ulikatwa. Kisa kilikaa upande wa kwanza, na chemko upande wa pili. Msikilizaji aliinuka, akaigeuza sahani, akarudi kucheza. Kanda ya redio haikuwa na haja ya kukata, na wimbo ulikwenda moja kwa moja.

Hapa ndipo msafishaji wa leo anapokutana na mtihani wake wa kwanza. Akiwa na santuri peke yake, je, aziunganishe pande mbili ziwe wimbo mmoja, au aziache kama zilivyouzwa? Akiunganisha, atalazimika kuficha ule mfifio wa sauti mwishoni mwa upande wa kwanza, na pengine kuondoa mapigo yaliyorudiwa mwanzoni mwa upande wa pili. Mhariri wa tenzi huujua mtihani huu anapokuta miswada miwili, mmoja wenye beti mia na mwingine wenye beti themanini. Jibu la uaminifu kwa wote wawili ni moja, yaani fanya uonavyo, lakini mwambie msomaji ulichofanya.

Mtihani wa pili ni wa kanda yenyewe. Kanda ya sumaku ni utepe wa plastiki wenye upana wa milimita 6 hivi, uliopakwa unga wa oksidi ya chuma kwa gundi. Zilizotengenezwa kwa asetati hukauka, hukatika na kutoa harufu ya siki. Nyingine za miaka ya 1970 na 1980 zina gundi inayofyonza unyevu wa hewa, na katika hali ya hewa ya Dar es Salaam hilo ni balaa. Kanda hunata mashineni na unga hubanduka pamoja na wimbo. Mafundi hulazimika kuipasha joto la kiasi cha nyuzi 50 na kidogo kwa saa kadhaa ili gundi ikaze kwa muda, kisha kuinakili haraka kabla haijarudia hali yake. Hata ikiwa salama, sharti kichwa cha mashine kilingane kwa pembe na kile kilichorekodi, la sivyo sauti nyembamba hupotea, na zilizo nyembamba ndizo konsonanti za mwimbaji na mchakacho wa kayamba.

Mtihani wa tatu ni wa mwendo. Dunia ilipata funzo lake kutoka katika albamu ya jazi inayojulikana kuliko zote, Kind of Blue ya Miles Davis. Ilirekodiwa New York mwaka 1959 kwa mashine mbili kwa wakati mmoja, na siku ya kwanza, tarehe 2 Machi, mashine iliyotumika kwa kanda kuu ilikuwa ikienda polepole kidogo kuliko ilivyopaswa. Kanda hiyo ilipopigwa kwa mwendo wa kawaida, nyimbo tatu za upande wa kwanza zilipanda juu ya kimo chake. Kwa zaidi ya miaka thelathini wanafunzi wa muziki waliopiga ala zao pamoja na santuri hiyo walijiona wao ndio walio nje ya sauti. Kosa lilisahihishwa katika toleo la mwaka 1992, baada ya kurejea kanda ya mashine ya pili. Kama hayo yaliipata kampuni tajiri yenye kanda mbili, ni rahisi kukisia yanayoweza kuipata kanda pekee ya bendi ya mkoani, ambayo mwimbaji wake anaweza kugeuka mtu mwingine kwa tofauti ndogo tu ya mwendo.

Lipo hata hivyo shahidi mmoja asiyetarajiwa. Umeme wa Tanzania, kama wa Uingereza, huzunguka mara 50 kwa sekunde, na mitambo ya zamani ilivujisha mzunguko huo ndani ya kanda, ukasikika chini kabisa kama mvumo wa nyuki walio mbali. Msafishaji mwenye haraka huufuta mara moja, kwa kuwa ni uchafu. Msafishaji mwenye busara huupima kwanza. Ukisomeka 52, kanda inakwenda kasi mno, ukisomeka 49, inachelewa. Akisha kurekebisha mwendo, ndipo huupunguza mvumo kwa kiasi. Kilichodhaniwa taka kumbe ndicho kilichohifadhi kimo cha mwimbaji.

Jambo hilo lafaa kuzingatiwa katika kila hatua ya usafishaji. Programu za kompyuta za leo zaweza kuondoa mchakato wa santuri na mpumuo wa kanda kwa kubonyeza mara moja, na nyimbo zikatoka zikiwa kimya pembeni kama chumba cha hospitali. Lakini mpumuo wa kanda umekaa mahali pamoja na pumzi ya mpiga saksofoni, na mchakato wa santuri unafanana na kayamba. Anayefuta kimoja hula sehemu ya kingine. Rudy Van Gelder, fundi aliyerekodi sehemu kubwa ya jazi ya Marekani ya miaka ya 1950 na 1960, alianza kazi hiyo sebuleni kwa wazazi wake huko Hackensack, New Jersey, huku mchana akipima watu macho. Kwenye nafasi tupu karibu na kitovu cha santuri zake ziliandikwa herufi za jina lake, na tangu mwaka 1999 kampuni ya Blue Note ikampa kanda zile zile azisafishe upya kwa mkono wake, ikachapa jina lake kwenye majalada. Wapo waliozipinga kazi hizo za uzeeni na kupenda santuri za awali, na ubishi wao unaendelea hata baada ya kifo chake mwaka 2016. Ubishi huo wenyewe ni heshima, kwa sababu watu hubishana juu ya kazi ya mtu wanayemjua.

Kwa upande wa Tanzania, kazi ya kutoa upya imefanywa kwa sehemu kubwa nje ya nchi. Mtafiti Mjerumani Werner Graebner alikusanya nyimbo za Salum Abdallah na Cuban Marimba katika diski iliyotolewa na kampuni ya Dizim mwaka 2000, miaka 35 baada ya ajali iliyomwua mwanamuziki huyo wa Morogoro. Katika mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Kifaransa ya Buda Musique, ulioanza na taarabu ya visiwani, alitenga diski ya 3 kwa bendi za miaka ya 1960, na ya 5 kwa rekodi za Dar es Salaam za mwaka 1978 hadi 1983. Kampuni ya Sterns ya London iliitoa upya Western Jazz mwaka 2012. Kazi hizi zimefanywa kwa uangalifu, na vijitabu vyake vimetaja majina ya wanamuziki ambao kwao wenyewe walikuwa wamekwisha kusahauliwa.

Yafaa kuuliza ni nani aliyepitwa. Nyimbo zilizotangulia kusafishwa ni zile za Dar es Salaam, Morogoro na Tanga, na zile ambazo santuri zake zilifika mikononi mwa wakusanyaji wa Ulaya. Bendi ya ziwani ina bahati ndogo. Sehemu ya kazi yake imo katika santuri zilizotawanyika Kenya, na sehemu iliyonaswa na redio imo katika rafu za Dar es Salaam ambazo sasa ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC. Mwaka 2012 vijana wa mradi ulioitwa Tanzania Heritage Project walianza kuchangisha fedha ili kanda hizo ziingizwe katika kompyuta, na walikadiria kuwa urithi huo unazidi saa laki moja. Humo hamna muziki wa dansi tu. Mna hotuba, ngoma za asili, na sauti za washairi waliosoma tungo zao katika kipindi cha Malenga Wetu. Kanda ya Mara Jazz na kanda ya malenga wa Tanga hukaa rafu moja, hufyonza unyevu mmoja, na zitaokolewa au kupotea pamoja.

Haki ya wenye kazi nayo imechelewa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, na kwayo kikaundwa Chama cha Hakimiliki, COSOTA. Kufikia hapo wengi wa wapigaji wa miaka ya 1960 walikuwa wamekwisha kufariki au kuuza magitaa yao. Sheria ile ilitambua mtunzi, mwimbaji na mtayarishaji wa rekodi. Fundi mitambo aliyekuwa mwajiriwa wa redio hakuwa na dai ndani yake, na pengine hakulitarajia. Alilipwa mshahara, akastaafu. Lakini baina ya mshahara na kutajwa pana masafa, na kutajwa hakugharimu fedha.

Mambo matatu yangetosha kubadili hali hii, na hakuna kati yake lililo juu ya uwezo. La kwanza, kila kanda inakiliwe kwanza kama ilivyo, na mvumo wake na mpumuo wake, kabla ya mtu yeyote kuisafisha, ili kizazi kijacho chenye masikio na mitambo bora kiweze kurudi kwenye asili. La pili, jalada la kila toleo litaje aliyerekodi na aliyesafisha, na pale jina lisipojulikana liandikwe hivyo waziwazi, kama wanavyofanya wahariri wa miswada. La tatu, nakala irudi ilikotoka. Diski ya bendi ya Musoma inayopatikana Paris na London, isiyopatikana Bunda wala Butiama, imehifadhiwa nusu tu.

Huko Murangi wapo wazee wanaokumbuka nyimbo ambazo hakuna aliyezisafisha. Huimba kisa chote hadi mwisho, ubeti kwa ubeti, na wakifika mahali pa chemko hunyamaza kidogo, kana kwamba wanangoja mtu aigeuze santuri. Kituo hicho hakikutungwa na bendi. Ni alama ya chombo kilichowaletea wimbo, na ya fundi aliyekata mahali pale na si pengine. Mchezaji amekwisha kutuzwa, naye fundi bado anangoja atajwe.